Jiko Limepoa, Mimi Mzima

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeamka salama, goti lako limetulia, na shemeji anaendelea kutafuta miwani yake kila asubuhi huku ameivaa. Mimi ni mzima. Najua watu huandika hivyo hata wakiwa hoi kitandani, lakini mimi nimeandika kwa sababu ndivyo nilivyo. Nakula, nalala, natembea hadi sokoni na kurudi na kikapu mkononi. Nakuomba ulishike hilo kabla hujaendelea kusoma, maana ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu zenu nazijua. Nikikupigia, Kaka yuko pembeni anaomba aseme na mimi kidogo, wifi naye anataka kunisalimia tu, mwishowe salio limekwisha na mimi sijasema lolote zaidi ya ndiyo na asante. Karatasi haikatizwi. Barua nimempa jirani yangu fundi cherehani, yule tunayetenganishwa naye na ukuta tu, kwa kuwa anakuja huko kwa binti yake. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe mkononi, na wifi akijitolea kupokea, amwambie hana barua yoyote.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka amenijulisha kwamba mmekaa kikao, mkaamua Jumamosi mje na gari mnichukue nikaishi kwake, kwa sababu ninaumwa na siwezi tena kuachwa peke yangu. Chumba kimeshasafishwa, kile cha nyuma kinachopakana na jiko, eti nisipate taabu ya kutembea. Nitapumzika tu, alisema, na nikijisikia vizuri nitakuwa nawaelekeza mabinti namna ya kupika. Nyumba yangu nayo imeshapata mpangaji. Nyumba hii, dada, niliyoijenga kwa mshahara wa kantini ya kiwanda, chumba kimoja kimoja, wakati ninyi mkiniuliza nina haraka gani ya kujenga na mtoto sina. Kikao kimekaa, chumba kimefagiwa, mpangaji amepatikana, na mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuambiwa. Mlidhani nitapiga vigelegele?

Ushahidi wenu mkubwa ni kwamba siwashi jiko. Ni kweli, siwashi. Limepoa hadi buibui amehamia. Hata fundi cherehani mwanzoni alidhani nimeishiwa, akawa ananiwekea makaa mlangoni kwenye kopo, anagonga na kukimbia nisione haya. Nilimrudishia kopo lake na bakuli la saladi juu yake. Akala akiwa amesimama, kwa mashaka, kisha akakaa. Siku hizi anagonga bila kukimbia.

Nasikia wifi anasema nimekuwa mvivu, natafuna majani kama mbuzi. Mwambie mbuzi hana kazi ninayofanya mimi. Nimepika maisha yangu yote na sijawahi kuhangaikia sahani kama ninavyoihangaikia sasa. Moto ulikuwa unanifichia mengi. Kule kantini tulikuwa tunapokea kabichi lenye madoa na nyanya zilizolegea, unakata, unatupa kwenye sufuria na kitunguu cha kutosha, saa ya chakula hakuna anayejua. Kitu kibichi hakikufichii. Kikiwa cha juzi, ulimi unakuambia palepale. Kwa hiyo sokoni nakwenda karibu kila asubuhi, nanunua kidogo kidogo, nabonyeza parachichi karibu na kikonyo, naligeuza kabichi nione lilipokatwa kama pameshakuwa na rangi ya chai. Muuza mboga wangu, ambaye zamani alikuwa akinijazia kikapu huku anaongea na watu wengine, sasa ananiita Mkaguzi, na akiniona kwa mbali anaondoa lile fungu lililonyauka mbele yangu.

Halafu kuosha. Hapo ndipo wifi angenyoosha mikono juu. Kitu kisichopita motoni lazima kipite kwenye maji, na si kuchovya tu. Naosha jani mojamoja, mbele na nyuma. Maji ya kwanza yanaondoka na udongo na vidudu, ya pili natia chumvi na siki nikaloweka, na ya mwisho ni yale ninayokunywa mwenyewe. Kisha nafunga majani ndani ya kitambaa safi na kuyakung'uta uani mpaka mkono uchoke, maana jani likibaki na maji halishiki ndimu wala chumvi, na kesho limeoza. Kisu nimekinoa upya. Kisu butu kinaliponda jani, na jani lililopondwa linakuwa jeusi kabla hujaleta sahani. Na kwa kuwa umeme wetu unaujua, jokofu silitegemei. Nakata cha kuliwa, basi.

Choroko nazo zina mambo yake. Naziloweka zilale majini, asubuhi namwaga maji, nazitandaza kwenye chujio na kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu, halafu asubuhi na jioni nazisuuza bila kukosa. Ukizisahau zinanuka kama soksi za mlinzi. Usipozisahau zinatoa vimkia vyeupe, zinakuwa tamu na zinalia mdomoni. Kabichi nalikata vipande vyembamba, natia chumvi, nalifikicha kwa mikono yote miwili kama mtu anayefua kola ya shati, mpaka litoe maji na kulegea. Usipolifikicha litakupigia ngoma tumboni usiku kucha. Karanga naziloweka, nazisaga na maji, nakamua kwenye kitambaa nipate maziwa yake. Na yale makapi situpi. Nayachanganya na karoti ya kukwaruza na mbegu za alizeti zilizosagwa, naweka kitunguu na chumvi, napaka rojo hilo jembamba kwenye sinia, nalifunika kwa chandarua kuukuu na kulipandisha juu ya bati likauke juani, liwe mkate wangu mkavu. Napanda ngazi, dada, sinia kichwani, huku fundi cherehani amefumba macho chini akiomba nisianguke. Wingu likijikusanya napanda tena mbio kuliteremsha. Mgonjwa wa kubebwa kwa gari ndiye huyo.

Sikudanganyi kwamba yote yalinyooka. Biringanya bichi nilijaribu mara moja, nikatema dirishani, likampata kuku wa watu. Jino langu la nyuma lilinikumbusha umri wangu kila nilipokutana na karoti, mpaka nilipojifunza kuikwaruza. Vyombo vya kuosha ni vingi kuliko nilipokuwa napika. Lakini nilichagua mwenyewe.

Sasa nije kwenye ile siku ya zahanati, maana najua ndiyo iliyozaa kikao chenu. Kosa lilikuwa maharage mekundu. Mimi, niliyepika maharage gunia kwa gunia, nilijiambia kwamba kama choroko zinaota na kuliwa, maharage yana dhambi gani? Nikayaloweka, yakaanza kuchipua, nikayala mchana na ndimu na kitunguu, najisifu. Kabla ya jioni nilikuwa nimeikumbatia ndoo, natapika mpaka nyongo. Fundi cherehani akampigia Kaka huku analia, akamwambia ndiyo nakata roho. Pale zahanati daktari aliniuliza nimekula nini. Nilipomwambia aliweka kalamu chini, akaniangalia, akauliza kazi yangu ilikuwa nini. Nikamwambia mpishi. Akacheka mpaka muuguzi akachungulia. Akaniambia maharage mabichi yana sumu, hayaliwi mpaka yachemke hasa, akaninywesha maji ya chumvi na sukari, na tumbo lilipotulia akaniruhusu niondoke kwa miguu yangu. Kaka alifika nikiwa natoka mlangoni. Nikamwambia ni tumbo tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayefichwa jambo zito, akanishika kiwiko mpaka nyumbani. Maharage tangu siku hiyo sijayagusa, na daktari nilimshukuru.

Najua utakachouliza. Kama siku ile yalikuwa maharage, vipi kuhusu ule ugonjwa wa mwanzo, ule ambao daktari alinikataza moto, moshi na kila kilichopikwa? Hapo ndipo penyewe. Kama umesimama, tafuta kiti.

Hakuna daktari aliyenikataza kitu. Hakuna ugonjwa. Niliutunga papo hapo, nimesimama mlangoni mwa jiko siku ya Jumapili, ninyi mmeshateremka kwenye gari mnauliza leo kuna nini. Ndani kulikuwa na matango na parachichi, chakula changu cha mtu mmoja, na jiko lilikuwa baridi. Nilifungua mdomo nikasikia nasema daktari. Na kama unangoja niombe radhi kwa hilo, dada, utangoja sana.

Maana neno la kweli nilikuwa nimeshalisema. Nilipostaafu nilimwambia Kaka kwamba nimechoka kupika, akacheka, akasema mpishi hachoki, na Jumapili iliyofuata akaja na wafanyakazi wenzake. Nikakuambia wewe kwenye simu, wewe uliyenibeba mgongoni, ukaniuliza nimechoka kwa kazi gani na nimeshastaafu. Basi nikangoja siku mliyokuwapo wote, mmekaa mnakula, nikatoka jikoni na jasho langu, nikasimama katikati ya sebule nikasema jamani, nimechoka, sitaki tena kupika kila Jumapili. Kisha wifi akainua bakuli akauliza kama mchuzi umebaki.

Ndiyo maana nikamtumia daktari. Na alifanya kazi! Kaka alishusha sauti kama yuko msibani. Wifi aliosha vyombo kwangu kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Uliniwekea mto mgongoni. Nilikaa pale nikiwa mzima kama chuma, nikawaza kwamba miaka yote hiyo mlikuwa na uwezo wa kuniona nimechoka, ila mlihitaji cheti.

Lakini lililofuata liliniuma, na sitalificha. Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja. Wala ile nyingine. Wewe peke yako ulipiga simu. Mgonjwa mzima, amekatazwa hata moshi, na hakuna aliyemletea chungwa. Nilikuwa nasikia gari likipita nje nasimama kuchungulia, halafu nakasirika na miguu yangu kwa kusimama. Nililia, dada. Nilijua jiko ndilo mlilokuwa mnalitembelea. Mmenikumbuka mlipohitaji kunisogeza karibu na jiko jingine.

Nilipomaliza kulia nikaketi nikala. Hilo ndilo ninalotaka uelewe kuliko yote. Nimewalisha ninyi na nimelisha kiwanda kizima, na chakula changu nilikuwa nakila nimesimama, kwenye mfuniko wa sufuria, jicho kwenye moto. Kazi hii ninayoifanya sasa ni ngumu, nimekueleza, lakini inaisha kabla ya kula. Nikishakata na kuchanganya, hakuna kinachoungua, hakuna kinachofurika, hakuna anayeniita nigeuze nyama. Navuta kiti. Natafuna polepole, dirisha liko wazi, naona watu wanapita. Sijui kama ninyi mmewahi kuniona nikitafuna.

Kwa hiyo wewe njoo, siku yoyote isipokuwa Jumamosi, peke yako au na shemeji, kama ataahidi hataulizia nyama. Nitaandaa kila kitu mapema. Utanikuta nimeshanawa mikono, tutakaa pamoja tangu mwanzo wa sahani hadi mwisho, na sitanyanyuka hata mara moja. Sitakupa maharage.

Kaka mwambie yafuatayo, na usiyalainishe kama kawaida yako. Mpangaji atafutiwe nyumba nyingine. Chumba cha nyuma wahifadhie magunia. Asinipigie kunibembeleza kuhusu hewa nzuri ya kwake, hewa yangu inanitosha. Na asiulize daktari amesemaje, maana safari hii simtumii daktari. Nasema mimi mwenyewe, mzima, akili timamu, neno lilelile nililolisema katikati ya sebule: sitaki. Likiwa bado ni dogo kwenu, Jumamosi njooni na gari lenu mpige honi. Mtakuta mlango umefungwa kwa ndani, na mimi nyuma yake nimekaa, nakula.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na huyo mjukuu mpya ambaye sijamwona. Nimemwekea embe, alisage kwa fizi zake. Wifi pia msalimie. Goti lako ulikande kwa kitambaa cha moto, na unitengee siku moja ya kuja kukaa.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja na wewe.