Basi Linafika Tena Mpaka Mwisho wa Njia

Nateete, Kampala

Dada yangu mpenzi Mwajuma,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umepona kile kikohozi, na shemeji ameanza kuukanyagia vizuri mguu wake. Huku mimi ni mzima, nakula na kulala. Uliniuliza kwa nini nilikuwa kimya wakati wa mvua, nikakujibu mambo yako sawa. Hayakuwa sawa, dada. Sasa yamekuwa, na kwa kuwa simu hukatika kila nikifikia jambo lenyewe, nimeona niandike.

Lile basi ninaloendesha linatoka hapa Nateete, linashika lami kwenda magharibi, kisha linaingia barabara ya udongo mpaka kijiji cha mwisho, huko kwenye mashamba ya kahawa. Zamani hakuna tajiri mwenye basi aliyekubali gari lake lifike huko. Abiria wachache, matope mengi, springi zinakatika. Siku hizi serikali inamfidia mwenye basi hasara yake, ili liende hata likiwa na watu wawili watatu. Nimewaona wajawazito wakikaa kwenye kiti kama watu, badala ya kubanwa juu ya bodaboda.

Kati ya abiria wangu kuna mama mmoja kijana, Nakato. Binti yake alizaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani. Kila wiki humpeleka hospitali, wanamnyoosha kidogo na kumfunga plasta mpya.

Siku moja ya mvua, tunarudi kijijini, tajiri wangu akanipigia simu. "Kuanzia leo wewe geuza pale lami inaisha. Serikali inalipa tu. Nani iko huko ya kuona?"

Nikamwambia, "Bosi, nina watu wa mwisho wa njia."

"Watembee. Iko na miguu."

Nikatazama kwenye kioo. Nakato alikuwa amemfunika mtoto kwa kanga, plasta bado mbichi. Ningemshusha pale, ingelowa na kuharibika kabla hajafika nusu ya safari. Dada, sikufikiri sana. Lami ilipoisha nikapangua gia, nikaingia kwenye tope. Tulikwama, wanaume wakashuka kusukuma, lakini tulifika. Asubuhi yake tajiri akaninyang'anya funguo.

Hapo ndipo nilipoanza kukwambia mambo yako sawa. Nilikuwa naosha magari ya watu hapa stendi. Mwenye nyumba wangu, Bibi Zainabu, mjane wa Kinubi, hakunidai hata siku moja. Jioni alikuwa akigonga mlango na sahani mkononi: "Mwanangu, kula. Kazi itarudi ikukute na nguvu." Nilikuwa nakula huku nimeinama asinione macho.

Kumbe kule kijijini basi halikufika tena. Nakato akakosa kliniki, miguu ya mtoto ikaanza kurudi ilivyokuwa. Akawakusanya akina mama wenzake, wakaenda kwa miguu mpaka ofisi ya wilaya. Ofisa aliyewapokea akashangaa. "Basi mbona lipo? Tunalilipia!"

Nakato akamwambia kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, panda ulione."

Yule bwana, Mungu ambariki, alipanda kweli. Alivaa shati la kawaida, akakaa nyuma kama abiria. Lami ilipoisha, dereva mpya akageuza gari na kutangaza, "Mwisho! Wote shukeni!" Ofisa akashuka na mkoba wake, akasimama topeni pamoja na akina mama. Akatembea nao mpaka kijijini.

Tajiri amenyang'anywa njia. Sasa njia hiyo amepewa mama mmoja wa Bugolobi, hapa hapa Kampala, mwenye mabasi yake. Akina mama wakamwambia yule ofisa, "Basi tumeshukuru, ila tunamtaka na yule Mtanzania," yaani mimi. Mama wa Bugolobi akaja mwenyewe stendi kuniulizia. Alinikuta nimekunja suruali, sabuni mpaka kwenye viwiko.

Juzi ndiyo nilifika kijijini mara ya kwanza tangu nifukuzwe. Nilidhani watapiga vigelegele. Wapi! Abiria walishuka na mizigo yao kama siku zote. Nakato alikuwa wa mwisho. Plasta zimeanza upya, na daktari amempa matumaini. Akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeegemea usukani, siwezi hata kuwasha gari.

Nisalimie shemeji, mwambie asiache mazoezi. Mama mdogo mbusu mikono kwa niaba yangu. Wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka kila mmoja kwa jina. Bibi Zainabu anakusalimu ingawa hamjaonana. Ukiomba dua, mtaje.

Mungu akuweke mpaka nije nikuone kwa macho.

Mdogo wako akupendaye,
Ramadhani