Kitambaa Nilichomeza Ruiru

Shamba la kahawa,
Ruiru

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi ya asubuhi na uvundo wa maganda ya kahawa yanayooza kando ya mto. Mguu wako umepoa? Na lile paa la jikoni, kaka alilitengeneza kabla ya mvua au bado anasema kesho? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo. Ila roho imechafuka, na barua hii naiandika ili nipate kuitema. Dada Wakesho, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, wala usiruke mahali pa kinyaa. Nakujua.

Mama, habari zimenifikia kwamba mpishi wa jirani zetu hapa, yule mtoto wa mzee wa kanisa, alipokuja likizo aliwaambia watu kuwa nimeingia dini ya Kihindi. Ati aliniona kwa macho yake nimekaa chini nimekunja miguu, nimefumba macho, nameza kitambaa. Na kwamba baba yake sasa anataka nizuiwe meza ya Bwana nikirudi. Ni kweli aliniona, na ni kweli nilimeza. Lakini alifika katikati ya mambo akaondoka hayajaisha, kama ilivyo desturi yake. Sasa nisikilize mimi.

Unajua kazi yangu hapa ni udobi. Mwenye nyumba, Memsahib wa Kizungu, alikuwa akisumbuliwa na tumbo na kukosa usingizi, na madaktari wa Nairobi walimshinda. Ndipo akasikia habari za mzee mmoja Mhindi wa Thika, zamani karani wa reli, ambaye hufundisha yoga. Hiyo ni elimu ya kale ya kwao Bara Hindi: mtu hukaa kimya, hupumua kwa utaratibu, hunyoosha viungo, na husafisha mwili wake ndani na nje ili roho nayo ipate kutulia. Mzee akaanza kuja kwa baiskeli.

Kusema haki, sina neno na yule mzee. Ni mpole, huvua viatu vyake mwenyewe, na hajawahi kumkalia mtu kichwani. Lakini alifundisha barazani tu, kwa sababu Bwana, mume wa Memsahib, hakutaka Mhindi akanyage zulia. Chai alipewa katika kikombe cha bati kilichowekwa kando, kwenye rafu ya sahani ya mbwa. Memsahib alikuwa akimwita mwalimu wake wa roho, halafu akipiga kengele aletewe kile kikombe cha mbwa. Nilikuwa nikiona hayo nikiwa kwenye kamba ya nguo, natema mate chini.

Kisha ukaja usafishaji wa mwili. Kwanza Memsahib alijimiminia maji ya chumvi kwenye tundu moja la pua kwa kibirika kidogo, yakatokea tundu la pili pamoja na vyote vilivyokuwa humo. Baadaye akanywa maji ya chumvi ya uvuguvugu hadi tumbo likajaa, akainama kwenye mawaridi akayatapika yote. Mawaridi yale yalikauka, Mama, na sikuyalilia. Mwisho kikaja kitambaa. Ni melimeli nyembamba, upana wa vidole vinne, ndefu kuliko kilemba cha mzee. Hulowekwa kwenye maji ya chumvi, mtu hukimeza polepole huku ameshika ncha moja mkononi, kikifika tumboni hukivuta tena nje, na kinatoka na ute wa kila rangi. Siku ya kwanza kukiona niliacha chakula changu cha mchana.

"Ngai!" alisema Nyokabi. "Huyu mama sasa anakura nguo?"

Nyokabi ni mama Mkikuyu tunayefanya naye kazi, mjane mwenye watoto wadogo anaowaacha kwa mama yake upande wa Mwihoko. Yeye ndiye aliyetwishwa kile kitambaa, maana mimi nilikataa katakata. Nilimwambia Memsahib kwamba nguo ikishashuka tumboni mwa mtu si nguo tena na haihusiani na dobi. Nyokabi akawa anakichemsha kwa maji matupu na kukianika nyuma ya banda la kuku. Kila nilipopita pale niligeuza uso.

Basi ikawa siku moja Nyokabi ameitwa polisi kwa habari ya pasi yake. Siku hizi za Hali ya Hatari, Mkikuyu hawezi hata kwenda Thika kununua chumvi bila karatasi. Memsahib akakitupa kitambaa chake ndani ya kapu langu pamoja na mashuka. Na kwa sababu nilikiona mara moja tu, kimejaa ute, kisha siku zote nikawa nageuza uso, sikukitambua. Niliona ukanda mrefu wa melimeli nikadhani ni wa kufungia mapazia. Wewe wanijua, Mama, sifanyi kazi nusu. Nilikifua, nikakitia buluu ya kufulia ili kiwe cheupe, nikakitia wanga mzito, nikakipiga pasi hadi kikasimama chenyewe, nikakikunja vizuri kabatini. Hata nilijisifu.

Kesho yake Memsahib akafurahi kukikuta kinang'aa. Mwalimu alikuwa amemkataza kukimeza yeye akiwa hayupo, lakini hakungoja. Akakitia kwenye maji ya moto, wanga ukayeyuka ukawa uji, akaanza kumeza. Kilimteleza kikaenda kwa kasi, kikamkwama, naye akakivuta kwa nguvu. Tulisikia sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Alipotapika, yalitoka mambo ya buluu.

"Sumu!" Bwana akapiga kelele. "Nani nashika hii nguo kila siku?"

Memsahib, machozi yakimtiririka, akanyoosha kidole kwa Nyokabi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akiingia na ndoo ya maziwa.

Mama, huku siku hizi neno sumu likitamkwa karibu na Mkikuyu, hakuna anayeuliza la pili. Inspekta wa polisi alifika kabla Memsahib hajamaliza kujipangusa. Akakiangalia kitambaa sakafuni, akauliza kama ni mambo ya kiapo cha watu wa msituni. Hakungoja jibu. Askari wakamshika Nyokabi mikono, naye akapiga magoti kwenye majani. "Mimi sijafanya kitu, Memsahib. Watoto wangu watarerewa na nani? Niambie, ni nani?" Kila mtu pale alijua akishaingia gari lile anapelekwa kambi ya kizuizini, na kurudi ni majaliwa.

Bwana akamwuliza mkewe, achukuliwe? Neno moja la Memsahib lingetosha. Mwanamke huyu alikuwa ametukataza kuua hata siafu jikoni, akisema uhai wote ni mmoja na pumzi yake ni pumzi ya siafu. Sasa akakaa kwenye mkeka wake, akakunja miguu, akafumba macho. "Fanya unavyotaka," akasema. "Mimi lazima nitulize moyo."

Nyokabi analia hatua chache kutoka hapo, na huyu anavuta pumzi puani taratibu. Nimeona kinyesi cha watu, nimefua nguo za wagonjwa, lakini sijawahi kuona kitu kichafu kama uso ule uliotulia.

Nikatoka kwenye kamba zangu nikasema ni mimi. Nikaeleza juu ya wanga na buluu, nikaleta makopo yote mawili. Inspekta akanitazama kwa huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe Mtaita, mtu mzuri. Usiingie maneno ya Kikuyu. Huyu mama nakupa kiapo?"

"Hapana, Bwana. Ni wanga wa nguo."

Mzee wa Thika alikuwa ameshafika, ameshikilia baiskeli yake. Akaokota kitambaa, akakinusa. "Kweli, sahib. Hii vanga tu. Hapana sumu."

Bwana akamwambia anyamaze. Askari wakampandisha Nyokabi garini. Hapo inspekta akachukua kile kitambaa kwa ncha ya fimbo yake akaninyooshea. "Kama wanga tu, kula."

Alidhani nitakataa, kisha aende zake. Nikasema nitakula, ila nikisuuze kwanza.

"Hapana suuza. Ukisuuza, sumu natoka."

Mama, kitambaa kile kilikuwa kimetoka tumboni mwa Memsahib. Kilikuwa kimelala sakafuni ndani ya matapishi yake. Kilikuwa na buluu yangu, wanga wangu, na nyongo yake. Nikamtazama Nyokabi kupitia wavu wa gari. Alikuwa ameacha kulia, ananiangalia tu.

Nikakishika.

Mzee akalaza baiskeli yake, akaja akakaa mbele yangu kwenye majani. Ndiye peke yake aliyenisogelea. Akanikalisha, akanikunja miguu, akanyoosha mgongo wangu kwa kiganja. "Tafuna hapana," akasema. "Funga macho. Vuta pumzi kwa pua, pole pole. Taja jina ya Mungu yako. Veve nasali nini, sali ile."

Nikasali Baba Yetu. Kila neno pumzi, kila pumzi nikameza kidogo. Koo lilikataa, tumbo likapanda, machozi na makamasi yakanitoka. Ladha yake sikuandikii, maana Wakesho ataacha kusoma. Mara mbili nilitaka kukivuta, na kila mara mzee aliniwekea mkono kifuani akasema, "Pumzi tu. Ingine yote iache." Na kweli, Mama, katika ule uchafu wote palikuwa na mahali pa utulivu, padogo lakini pa kweli. Nilifika kwenye "utusamehe makosa yetu" nikashindwa kuendelea na sehemu inayofuata, ya kuwasamehe waliotukosea, nikairuka. Hilo nalikubali mbele ya mzee wa kanisa.

Ndipo alipotokea yule mpishi, kaja kuazima mayai. Akaniona vile, mdomo umejaa kitambaa, Mhindi mbele yangu. Akashika kichwa, akasema "Yesu wangu!" akarudi mbio bila mayai. Gari la polisi hakuliona, au hakutaka kuliona.

Nilikimeza hadi ikabaki ncha mkononi, kisha nikakivuta chote mbele ya inspekta. Wakaniweka kwenye kigoda wakanitazama ili wajue kama nitakufa. Bwana akavuta kiko chake. Wavunaji walirudi na makapu yao, wakapita, na mimi bado nipo hai, natema buluu. Mwishowe inspekta akachoka akafungua mlango wa gari. Nyokabi alishuka akaenda moja kwa moja jikoni kunipikia uji. Nilishindwa kuunywa, ulikuwa na sura ya wanga.

Na Memsahib? Alifumbua macho, akamtazama Nyokabi amesimama huru, akatabasamu. "Mmeona?" akasema. "Nilipotulia tu, kila kitu kikajirekebisha chenyewe."

Mama, nilikimbilia nyuma ya banda la kuku nikatapika upya.

Mzee hajarudi tena hapa. Siku ile alimwambia Memsahib, kwa adabu kabisa, "Tumbo yako safi sasa. Ile ingine mimi hapana veza kuosha." Akapanda baiskeli, na chai yake ikapoa ndani ya kile kikombe. Mimi natafuta kazi kwenye nyumba za Thika, na nikiipata nitahama. Nyokabi hana ruhusa ya kuhama.

Nisalimie kaka, mwambie paa ni lake. Msalimie shangazi mwenye meno yake yaleyale mawili, na mke wa kaka, na mtoto mchanga ambaye bado sijambeba. Wakesho nitamletea kitambaa cha gauni, kipya, hakijaliwa na mtu.

Na mzee wa kanisa msalimie pia, kwa heshima. Mwambie kwamba asubuhi, kabla ya kuwasha makaa ya pasi, bado nakaa kimya kidogo na kupumua jinsi yule Mhindi alivyonionyesha, nikisali Baba Yetu, na sasa najaribu kuimaliza yote. Kama hiyo ni dini ya Kihindi, anizuie. Nikija Krismasi nitakaa benchi ya mbele. Akinipita na mkate nitasimama nimwulize mbele ya watu wote: kama angekuwa yeye pale, kitambaa mkononi, na mama wa watoto ameshapandishwa garini, angemeza au angeenda kuazima mayai kwingine?

Ni mimi mwanao, dobi, ambaye hadi leo hawezi kula uji,

Mwadime