Sabuni ya Bwana wa Daftari

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Huku Mkata hatujambo. Mguu wa babu yako umepona, ameshaanza kupalilia mihogo.

Umeniuliza kama ni vibaya kubofya "nzuri sana" kila mahali kwenye hayo maswali ya mtandaoni unayolipwa, ili umalize mengi kwa siku.

Miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa bidhaa, tuliishi kambi ya mkonge Ngombezi. Bwana mmoja mwenye daftari alitugawia kina mama sabuni mpya tujaribu. Baada ya wiki akarudi na maswali. Ukijibu, unapewa mche mwingine. Kwetu kitu cha mgeni hakisemwi vibaya, basi kila swali nikajibu, "Nzuri, baba." Kalamu yake haikugusa karatasi.

"Mama, haina kasoro hata moja?"

Nikaona haya. Nikasema, "Madoa ya maji ya mkonge kwenye nguo za mume wangu haiyatoi."

Hapo akaandika ukurasa mzima, kisha akanipa mche wangu wa pili.

Nimefua kwa sabuni nyingi tangu siku ile, Zaina, lakini mche ule ndio nilioufanyia kazi.

Bibi yako