Riwaya ya Binti Yangu Nimeikata Kola

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaenda kuvunja mlango wa watu.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba lakini gauni zangu zinavaliwa na wake wa wakubwa, na Mungu kanipa binti ambaye hata walimu wake walimwita Profesa, wala simsifu kwa sababu ni wangu, ningemsifu hata angekuwa wa jirani. Mwaka huu kaingiza riwaya kwenye shindano la hadithi za kisayansi, zile za mambo yajayo, maana anasema siku hizi watu wamechoshwa na filamu za milipuko na maroboti ya kupiga risasi, sasa wanataka kujua huko angani nani anafua na nani anapika, basi yeye kaandika juu ya bibi mmoja anayeshona mavazi ya wafanyakazi wa kituo cha mwezini, mkali huyo, ana mdomo, na roboti linakuja kwake kupimwa koti, hebu niambie huyo bibi ni nani kama si mimi?

Ikaingia tano bora. Nikawaambia wateja wote, hata waliokuja kupunguza suruali tu. Wiki iliyopita ikaja barua kwamba majaji wanashuku kazi imeandikwa na akili bandia, eti lugha imenyooka mno kwa umri wake. Wamejuaje? Wameitia kwenye kompyuta, kompyuta ikasema asilimia themanini. Yaani mashine imeulizwa kama mwanangu ni mashine, mashine ikajibu ndiyo, na watu wazima na miwani yao wakaamini! Mimi niliyembeba miezi tisa hakuna aliyeniuliza. Wamempa hadi mwisho wa mwezi apeleke alichoandika kwa mkono, la sivyo wanamwondoa na kumtangaza mdanganyifu.

Profesa akacheka. "Mama, hawa wameumbuka. Nina madaftari manne ya jalada la buluu."

Mshauri, madaftari hayo hayapo tena. Kwa sababu mwaka jana nilipata kazi ya majoho ya kwaya ishirini na mawili, karatasi za kukatia vipimo zikaniishia, nikayaona yale madaftari, na nilijua kishachapa yote kwenye kompyuta ya shule, nikachana kurasa zilizojaa mikwaruzo ya kufuta, nikaziunga kwa gundi ya unga, nikakata kola, mikono na vifua. Zinaning'inia msumarini kwenye chumba changu cha kazi mpaka leo, kila moja nimeiandikia mteja na tarehe, na juu yake nimetundika koti la mtu.

Aliponiuliza nikamjibu, "Labda yalibaki shuleni." Kapekua nyumba nzima, kisha akamgeukia shangazi yake, wifi yangu tunayekaa naye. "Shangazi, umewashia jiko kitabu changu!" Wifi akaapa, "Mwanangu, mimi hata gazeti la juzi siwashii kabla sijalisoma!" Leo siku ya nne hawasemeshani, na mimi nimenyamaza, maana huyo wifi naye kanisema sana kwa mengine.

Sasa niende kwa majaji na rula yangu ya chuma wanieleze, au niwataje redioni waaibike? Damu inanichemka.

Mama Profesa, fundi wa gauni

JIBU

Mama Profesa, weka rula chini.

Hasira yako kwa majaji ni ya haki, na mimi nimekasirika pamoja nawe. Hadithi za siku hizi zinatuonya kila kukicha juu ya mashine kumhukumu binadamu, halafu waamuzi wa hadithi hizo hizo wanaipa mashine kiti cha hakimu. Ni aibu yao.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Umejaza karatasi kwa makosa ya majaji, na kosa lako umelibandika katikati kama kiraka, ukitumaini sitaliona. Nimeliona. Majaji walau wameomba ushahidi. Wewe umeufunika ushahidi kwa koti, ukamwacha wifi yako ahukumiwe kwa jambo asilolifanya, vile vile binti yako anavyohukumiwa. Hapo umewazidi hao wenye miwani.

Na kinachoniuma zaidi, dawa unayo msumarini! Maneno aliyoyafuta na kuyaandika upya yapo kwenye hizo kola. Tarehe ulizoweka kwa mkono wako zinaonyesha kurasa zilikuwepo kabla shindano halijaanza.

Kwa hiyo leo, kabla hujapokea mteja mwingine, funika cherehani. Waite binti na shangazi yake pamoja, ondoa hilo koti, useme, "Ni mimi." Usianze na habari za majoho wala karatasi kuisha. Wifi umwombe radhi mbele ya mtoto. Profesa akilia, mwache alie. Karatasi msizibandue, zitachanika. Azipange yeye mwenyewe kwa mfuatano wa hadithi. Kisha mwende kwa majaji, yeye aongee, wewe ubebe mfuko na ufunge mdomo.

Ila wakiuliza kwa nini sura moja ina umbo la mkono wa joho, hapo simama ujibu kwa sauti yako yote. Waambie ni wewe uliyeikata. Kisha waulize ni mashine gani yenye mama wa kuiharibia kazi namna hiyo.