Kwa Nini Mtoto Anaanguka Katika Wimbo

Neema mjukuu wangu,

Yesu asifiwe huko Reynoldsburg. Sisi hapa mtaa wa Bailey tuko wazima, ila theluji imenifungia ndani na siwezi kutulia: nakaa, nasimama, narudi dirishani. Mjomba wako amehamia Louisville, amepata kazi ya kiwanda.

Bon, haya, umeniuliza juu ya ule wimbo wa Waingereza wa kubembeleza, ambamo upepo unavunja tawi na kitanda cha mtoto kinaanguka. Unaogopa usije ukamtamkia mwanao mabaya. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema wengine wanadai ni habari za mtoto wa mfalme, wengine ni akina mama waliotundika watoto mitini. Hakuna anayejua kwa hakika.

Mimi najua hili tu. Nilipokuwa msichana kule milimani, jioni moja ukungu ulishuka, mama bado yuko malishoni anatafuta ndama. Nilimfunga mdogo wangu mgongoni, nikazunguka uani nikiimba kwamba fisi yuko mlangoni, tena kwa sauti kubwa. Mama alipofika aliniuliza, “Unamwimbia nani? Huyu amelala zamani.”

Kweli, mate yake yalikuwa yamelowesha mgongo wangu. Yeye alisikia sauti tu. Woga wa fisi ulikuwa wangu.

Donc, basi imba, Neema. Mama yako ananiambia mtoto analala vizuri, ni wewe unayezunguka nyumba nzima. Nipigie simu ukishasoma hii, kabla hujaenda kazini, nikuimbie wewe.

Bibi yako, Buffalo