Njia ya Kupanda Tu

Ijumaa, 10 Januari

Likizo imekubaliwa! Bosi ametia sahihi bila hata kuinua macho. Nimerudi masjala nikitabasamu mpaka Cate wa dawati la pili akaniuliza kama nimeposwa. Nimemwambia ni kubwa kuliko hiyo.

Katikati ya Februari basi. Siku nne kwa baiskeli — mimi, Tarsem na Obuya. Kila Jumamosi tumekuwa tukienda Karen, tunakunywa chai, tunapiga picha, tunarudi. Safari hii ni ya kweli. Kulala njiani, mizigo kwenye keria, Bonde la Ufa, vijia vya vumbi ambavyo magari hayapiti.

Kazi ya kupanga njia nimepewa mimi. Obuya anasema madam anajua ramani. Ramani gani? Mimi ni karani, ninazozijua zimelala kabatini. Lakini nimeidaka kazi hiyo kabla mwingine hajafungua mdomo. Nina sababu yangu.

Jumapili, 12 Januari

Sababu yenyewe niiandike hapa, maana hakuna mtu ninayeweza kumwambia. Naogopa mteremko.

Kupanda sina shida. Nipe mlima, nitapanda siku nzima nikiimba. Lakini tangu nilipoanguka mwaka jana pale Loresho na kuvunjika mfupa wa bega, barabara ikiinama tu mbele yangu mikono inakuwa baridi na tumbo linakaza. Mwanamke mzima! Basi nikifika juu ya mteremko ninashuka, ninainama, ninachezea cheni. Naigiza kwamba imelegea. Obuya anapita akipiga mluzi, mikono hewani, mjinga yule. Mimi ninasukuma kwa mguu hadi chini.

Tarsem peke yake ndiye hunisubiri. Tena naye anashuka na kusukuma ya kwake kando yangu, eti hawezi kumwacha mama nyuma. Mzee wa heshima sana. Ana duka la spea Kirinyaga Road, na amenibadilishia cheni mara mbili bila kukubali hata asante. Zile mbili alizozitoa zilikuwa nzima kabisa. Naona haya kweli kweli.

Jumamosi, 18 Januari

Leo tumejadili njia, Karen, kwenye kile kibanda cha chai. Obuya amekuja na mpango wake mfukoni. Kutoka kwangu Kangemi hadi Limuru, halafu — akainamisha kiganja chake kama ndege inayotua — chini hadi Mai Mahiu. "Ni kushuka tu, madam. Hukanyagi. Unakaa tu hapo unaskia upepo!"

Nikasogeza kikombe changu kando.

Nikatoa mpango wangu. Tutafute gari litupeleke Naivasha na baiskeli zetu. Tuzunguke ziwa kwa vijia vya nyuma. Kisha tupande ukuta wa bonde kwa nguvu zetu, tulale Kijabe, tukate msitu wa Kinale, turudi nyumbani kupitia Limuru. (Limuru hadi kwangu kuna mteremko, najua. Siku hiyo nitajifanya napokea simu nyingi.)

"Ai! Nani hupanda Mai Mahiu kwa kupenda kwake?" Obuya akapinga.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ukipanda, lori zinazokupita zinakwenda polepole. Nikasema ukipanda unapata muda wa kutazama, ukishuka unatazama lami tu. Nikasema na mambo ya mapafu, sijui niliyatoa wapi. Obuya akatikisa kichwa.

Tarsem akaweka kikombe chini, kwa mikono yote miwili kama kawaida yake. "Mimi naona wewe iko sawa, Kaindi. Kupanda ndiyo mazoezi. Kushuka hata gunia ya viazi inaweza."

Nilitaka kumkumbatia na kilemba chake chote! Obuya anasema atafikiria.

Alhamisi, 23 Januari

Obuya bado. Amenitumia video ya wazungu wakishuka mlima fulani kama wanaokimbiza mwizi. Nimeitazama nusu, nikaweka simu chini ya mto wa kiti. Jioni ameitisha kura kwenye kundi letu la WhatsApp. Kupanda au kushuka.

Nimeona Tarsem anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Nikasimama wima jikoni na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Kupanda!

Wawili kwa mmoja. Obuya anasema tumemwonea. Tumemwonea, ndiyo. Nimekula ugali ulioungua na ulikuwa mtamu.

Jumatatu, 27 Januari

Mama amepiga simu kutoka Wote. Kuna mtu amemwambia. Salamu hakutaka.

"Kaindi, mabasi yameisha huko Nairobi?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini unanificha? Mtu wa wizara anaendaje Naivasha na baiskeli? Wamekufuta lini?"

Nimeeleza. Kwamba kazi ipo, kwamba ni starehe. Akauliza starehe gani ya kutoa jasho barabarani, na kama nimeanza kudanganya nikiwa mkubwa hivi. Kumbe jana wamama wa kanisa wamesimama wakaniombea kwa jina! Syokimau wa kwaya alilia. Sasa Makueni nzima inajua nimefilisika.

Halafu akasema ameshampigia Muasya. Muasya ndiye ndugu yangu mdogo, mwenye pikapu ya kubeba kabichi. Ameamriwa anibebe mimi na hiyo baiskeli mpaka ninapokwenda, nisiaibishe jina la baba. Nilikuwa nafungua mdomo nikasirike, nikaufunga. Gari la kwenda Naivasha! Ndilo lililokuwa likinisumbua wiki nzima.

"Asante mama," nikasema. Akashusha pumzi. Nami nikashusha yangu. Kila mtu amefurahi kwa sababu yake.

Jumatano, 5 Februari

Obuya hatakuja. Amefanywa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya shemeji yake, na mikutano yote imeangukia siku zile zile. Karibu alie kwenye simu. Nikamwambia pole sana, tutakukosa sana. Nikakata, nikacheza jikoni peke yangu.

Sasa ni mimi na Tarsem. Hakuna wa kupiga mluzi.

Nimeona haya kidogo. Si sana.

Jumamosi, 8 Februari

Tumejaribu mizigo leo dukani kwa Tarsem. Tyubu za akiba, pampu, viraka, spana. Kamla, mke wake, ametufungia parata na achari za kulisha kijiji.

Tarsem ananiachia mimi kazi yote ya spana. "Kaza wewe. Wewe iko na mkono mzuri." Amenipa na chupa yake ya maji nimfungulie. Mimi nacheka, namwambia wanaume wa siku hizi.

Kamla akanivuta kando, kwenye rafu za breki pedi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama njia yetu ina mteremko mkubwa. Nikasema kimoyomoyo, ameshanijua! Nikasema hapana, bhabhi (ni shemeji kwao), yote ni kupanda. Nilipanga mwenyewe. Akafumba macho, akasema "shukar hai," yaani Mungu ashukuriwe, akanikumbatia pale pale mbele ya wateja.

Mwanamke wa ajabu. Hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa sababu ya mlima. Lakini nimetoka pale nikiwa mwepesi, na nimepanda Waiyaki Way hadi Kangemi bila kubadilisha gia.

Ijumaa, 14 Februari

Kila kitu tayari. Mjini leo watu wamebeba maua mekundu, mimi nimebeba tyubu. Muasya anakuja alfajiri. Nimetazama ramani mara ya mwisho: kupanda, kupanda, kupanda. Nitalala kama mtoto.

Jumamosi, 15 Februari

Mungu wangu. Niandike kwa utaratibu.

Muasya alikuja kwa wakati, amenyoa, pikapu imeoshwa. Ni mama aliyemwambia. Tukamchukua Tarsem, tukapanda Limuru, ukungu, viazi kando ya barabara, kila mtu anacheka. Pale juu ya ukuta wa bonde, kwenye vibanda vya kutazamia, Muasya akasema tunywe chai. Mimi na Tarsem tukaingia kibandani. Tulipotoka, baiskeli zetu mbili zilikuwa zimesimamishwa kando ya lami. Mizigo imefungwa vizuri kwenye keria. Muasya anafuta mikono.

"Dada, mlima wote nimewamalizia! Nilikuwa nafikiria njiani, sasa nawapeleka mpaka chini na gari kwa nini, na hiyo ndiyo sehemu tamu? Shukeni mkiskia upepo. Hiyo ni zawadi yangu." Na pia mteja wa kabichi alikuwa amepiga simu, Kinale.

Muasya kaka yangu, ulivyo mwema! Akavua kofia akatuombea, mama akiwa kwenye simu, sauti imefunguliwa, anaitikia amina kutoka Wote. Ningesema nini katikati ya maombi? Akageuza gari, akapiga honi, akaenda.

Bonde lote lilikuwa chini pale. Barabara inaanguka, inapinda, inaanguka tena. Nikafanya ninachokijua — nikainama, nikashika cheni.

"Kaindi," Tarsem akasema. "Wacha cheni. Hiyo cheni ni mpya. Niliweka mimi."

Sikuinuka. Nikamwambia nikiwa nimeinama hivyo hivyo, nikiitazama gia. Loresho, bega, tumbo, simu za uongo, yote. Nilipomaliza nikangoja anicheke.

Akacheka kweli! Lakini hakunicheka mimi. Akaanza kuvua glovu, pole pole, kidole kimoja kimoja, kwa meno. Vifundo vya vidole vimevimba vyote. Anasema tangu mwaka juzi. Kikombe kwa mikono miwili, chupa, vifungo vya shati anafungiwa na Kamla. Breki anaweza kufinya kidogo, kisha vidole vinakufa. Mteremko mrefu hawezi kabisa. "Doctor alisema acha baiskeli. Kamla alisema acha. Nikaacha kuwaambia."

"Na kule kunisubiri? Mama hawezi kuachwa nyuma?"

"Ah. Nilikuwa naomba cheni yako ilegee, bas."

Mwaka mzima! Mimi namwonea haya kwa cheni zake, yeye ananiombea ilegee! Nikakaa chini kwenye changarawe nikacheka mpaka muuza kofia za manyoya ya kondoo akaja kuuliza kama mama ni mgonjwa. Machozi yanatoka. Sikumbuki mara ya mwisho kifua changu kilikuwa chepesi hivi.

Tarsem akasema tutafute gari. Nikasema tusukume. Tukasukuma. Pembeni kabisa, mimi mbele, lori zikinguruma, madereva wakitupigia kelele kwamba baiskeli hupandwa. Tukala parata tukisimama. Alinisimulia juu ya vidole, mimi juu ya bega, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Sasa tumekaa kando ya kanisa dogo la mawe chini ya mlima, kivulini. Miguu inauma. Naivasha tutafika kesho badala ya leo, na mlima wetu bado upo, tutarudi kuupanda. Mama amepiga. Nimemwambia tumeshuka salama. Amesema Bwana asifiwe, maombi yamefika.

Kuanzia hapa hadi Mai Mahiu barabara bado inashuka, lakini kwa upole, na imenyooka. Naiona yote mpaka kwenye mabati ya nyumba za mji. Tarsem amejaribu vidole vyake mara kadhaa. Anasema kwa hii vitatosha. Ameshapanda, mguu mmoja chini, na hajaniambia njoo. Ameuliza tu kama tusukume au vipi.

Nimemwambia angoje, kuna kitu naandika. Anajua sina cha kuandika. Anangoja.

Breki nimezijaribu, zinashika. Magurudumu yamejaa. Mizigo haichezi.

Cheni haina kasoro yoyote.