Mguu wa Kushoto wa Suruali

Shemeji yangu mpendwa,

Sisi tupo, na cherehani yangu inalalamika kuliko mwenyewe. Kaka yako anakusalimu. Amekataa kuandika, anasema mwandiko wake ni wa kuku.

Unakumbuka alivyokuwa akinisema kwamba mkono wangu umeharibika, kila suruali ninayomshonea inambana mguu wa kushoto? Nikawa namfumulia mshono wa paja na kuupanua, huku tukizozana. Kumbe suruali haina kosa, ni uvimbe pajani. Daktari wa mtaani alilibonyeza lile paja, akatuandikia twende kliniki ya rufaa ya haraka, ile ya kugundua mapema saratani za nadra.

Pale hakuna njoo kesho, shemeji. Asubuhi walimpiga picha, mchana wakatoa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa sindano nene yenye uwazi ndani. Niliomba kuiona ile sindano. Fundi ni fundi. Kisha daktari bingwa akauliza uvimbe umekua kwa kasi gani. Kaka yako hakujua. Nikaigeuza suruali yake ndani nje, nikamwonyesha daktari vitundu vya mishono niliyofumua, mstari baada ya mstari. Akainama, akauliza ule wa mwisho ni wa lini.

"Wa juzi," nikasema.

Majibu ni wiki ijayo. Kaka yako anataka suruali mpya, na ameniuliza mguu wa kushoto nitauachia nafasi kiasi gani. Nimeikata miguu yote miwili sawa. Kwa sasa haitamwingia, najua. Nitamtunzia.

Ni mimi, fundi wa kaka yako.